SOMO LA GARI: JE, NI PAMPU YA PETROLI?

Ndugu Wanachama,

Karafuu mbichi haimngoji mtu. Ikilala imerundikwa katika magunia hupata joto, huchachuka, na ikikauka hutoka nyeupe na imesinyaa, bei yake ikashuka. Basi gari ikikataa kuwaka jioni ya mchumo, si usumbufu tu, ni hasara.

Jambo hili lilitufika wenyewe. Pikapu yetu ilikataa kuwaka na magunia yamo nyuma. Fundi aliona umeme wafika kwenye waya mmoja wa pampu, akasema pampu imekufa. Tukanunua mpya, na gari haikuwaka. Siku ya pili fundi mwengine aliona kuwa waya wa pili, ule unaorudisha umeme kwenye bodi, umeliwa na kutu. Akausafisha na kuufunga, gari ikawaka. Fedha za pampu zilikuwa za wanachama, na karafuu zile ziliharibika. Kosa lilikuwa letu, kwani tulinunua kabla ya kupima. Kwa hivyo twaona yafaa tuelezane mpango wa kupima. Somo hili ni la gari za petroli. Dizeli ina mambo yake.

KWANZA. Washa na usikilize. Ikiwa stata haizungushi injini, usiitaje pampu; tazama betri na vichwa vyake. Ikiwa injini yazunguka vizuri lakini haishiki, ndipo tuendelee.

PILI. Hakikisha petroli imo. Mshale wa kipimo huweza kusema uongo. Tia lita chache, kisha jaribu tena.

TATU. Jua pampu yako ni ya namna gani. Gari za zamani zenye kabureta nyingi zina pampu iliyofungwa ubavuni mwa injini, inayosukumwa na injini yenyewe. Gari za siku hizi zina pampu ya umeme ndani ya tangi.

PAMPU YA UMEME. Pahala pawe kimya. Mtu mmoja afungue ufunguo bila ya kupiga stata, na mwengine atege sikio kwenye tangi. Katika gari nyingi utasikia mvumo wa kiasi cha sekunde 2, kisha hunyamaza. Usiposikia kitu, tazama fyuzi ya pampu, kisha rilei yake. Ikiwa rilei ya honi ni ya namna moja na hiyo, zibadilishe ujaribu. Baadaye pima umeme baina ya waya mbili za pampu, plagi yake ikiwa imo mahali pake, wakati mwenzio anapiga stata. Usipime baina ya waya mmoja na bodi, maana hapo ndipo tulipopotea sisi. Ukipata kiasi cha voliti 12, au pungufu kidogo kwa kuwa stata yala umeme, na pampu imenyamaza, basi pampu imekufa. Usipoupata, ubovu uko kwenye waya, wala usinunue pampu.

Pampu kuvuma si dalili ya uzima. Huenda imechoka, au filta imeziba. Hapo mwachie fundi mwenye kipimo cha nguvu ya petroli, alinganishe na kitabu cha gari hiyo. Wala asisahau kutazama cheche za plagi, kwani injini yataka petroli na moto pia.

Ukiwa umekwama njiani, piga-piga chini ya tangi kwa kipande cha mti, taratibu, huku mwenzio anawasha. Pampu iliyochakaa huweza kuamka kwa njia hii. Ikiamka, nenda nyumbani moja kwa moja ukaibadilishe, usiitegemee tena.

PAMPU YA INJINI. Injini ikiwa baridi, chomoa waya wa koili, toa mpira wa petroli kwenye kabureta na uutie katika chupa, kisha piga stata. Petroli itoke kwa kuruka-ruka. Isipotoka, tazama kama mipira imepasuka au chujio limeziba. Vuta pia kijiti cha kupimia oili unuse. Kikinuka petroli na oili imezidi, huenda kiwambo cha ndani kimetoboka na petroli yaingia kwenye oili. Usiiendeshe gari hiyo mpaka itengenezwe na oili ibadilishwe.

TAHADHARI KABLA YA HATARI. Mvuke wa petroli hushika moto upesi kuliko petroli yenyewe unayoiona. Hapana sigara, hapana kibatari, hapana kiberiti. Na gari yenye pampu ya umeme usiifungue mpira wa petroli ovyo, kwa sababu petroli hubaki imebanwa ndani hata injini ikizimwa, nayo huruka machoni.

Mwisho, tuzitunze pampu zetu. Pampu iliyomo tangini hupozwa na petroli yenyewe. Mwenye mazoea ya kwenda na tangi karibu tupu huiua mapema. Na petroli ya dumu ichujwe kwanza. Kabla ya mchumo kila mwenye gari ajaribu mambo haya angalau mara moja, ili siku ya shida mkono usiwe mgeni.

Wabillahi tawfiq.

Katibu wa Chama