Namba ya OB Kwanza, Mabishano Baadaye

Wakenya hawakubuni msemo wa "kamata kamata ya Ijumaa" kwa mzaha. Mtu akishikwa Ijumaa saa kumi na moja jioni, mahakama zimeshafungwa. Katiba inasema afikishwe mbele ya hakimu ndani ya saa 24, lakini saa hizo zikiishia siku ambayo mahakama haikai, polisi wana hadi mwisho wa siku ya kwanza ya kazi inayofuata. Kwa hesabu hiyo mtu analala seli Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, na karatasini hakuna sheria iliyovunjwa.

Wengi hawajui kwamba mlango mwingine huwa wazi hata wikendi. Kwa makosa mengi, ukiondoa mazito kama mauaji, uhaini na wizi wa kutumia nguvu, mkuu wa kituo, yaani OCS, ana mamlaka ya kumwachilia mtu kwa dhamana bila kungoja hakimu. Mamlaka hayo hayaendi likizo Jumamosi. Familia inayokaa nyumbani ikisubiri Jumatatu mara nyingi inasubiri bure.

Tuanze barabarani, pale mkono wa afisa unapokushika bega. Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinakupa haki ya kuelezwa mara moja, kwa lugha unayoielewa, sababu ya kukamatwa. Kinakupa pia haki ya kunyamaza, na ya kuwasiliana na wakili au mtu mwingine ambaye msaada wake unahitajika. Lakini haki huombwa kwa maneno, na maneno yana namna yake. "Unajua mimi ni nani?" ni swali baya kuliko yote, limewatia watu matatani kuliko makosa waliyoshikiwa. Linalofaa ni hili: "Afande, naomba kujua nimeshikwa kwa kosa gani, na tunaenda kituo gani?" Liulize kwa sauti ya kusikika, ili hata muuza matunda wa pembeni asikie jibu.

Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 inamtaka afisa aliyevaa sare awe na jina au namba ya kazi mahali panapoonekana. Asiye na sare ana kitambulisho cha kazi, na si utovu wa adabu kuomba kukiona. Akikataa kukionyesha, usimvute shati. Kunja mikono, angalia namba ya gari, mwambie aliye karibu nawe ampigie fulani. Kukamatwa kwako kukiwa haramu, hilo litasemwa mahakamani. Ukikaidi kwa nguvu unaongezewa shtaka la pili ambalo pengine ndilo pekee litakalosimama.

Kwa nini nasisitiza swali la kituo? Kumbuka kisa cha wakili Willie Kimani. Mteja wake, mwendesha bodaboda, alipigwa risasi na polisi mwaka 2015, akapeleka malalamiko kwa mamlaka huru ya kusimamia polisi, IPOA. Baada ya hapo akajikuta yeye ndiye mshtakiwa. Tarehe 23 Juni 2016, wakili, mteja na dereva wa teksi walitoka katika mahakama ya Mavoko, na hawakufika nyumbani. Walizuiliwa katika kambi ya polisi wa utawala ya Syokimau, kisha wakauawa, na miili yao ikapatikana mtoni huko Ol Donyo Sabuk. Kuna ujumbe ulioandikwa kwenye kipande cha tishu ukatupwa nje, ukiomba mke wa Kimani apigiwe simu. Mwaka 2022 mahakama iliwapata na hatia maafisa watatu na mpasha habari wao mmoja. Februari 2023 mmoja wa maafisa hao akahukumiwa kifo na wengine wakafungwa miaka mingi.

Angalia lililofanya kazi siku ile: tishu. Kitabu cha serikali kingefanya kazi hiyo vizuri zaidi, lakini hakuna aliyewaandika. Hilo ndilo la kushika katika makala haya yote. Mkononi mwa polisi, kinachomlinda raia si ufasaha wa kutaja vifungu. Ni maandishi yanayosema yuko wapi, tangu saa ngapi, na nani alimleta.

Maandishi hayo yana makao yake: kitabu cha matukio, ambacho kila mtu anakiita OB. Kila ripoti inayofika kaunta hupewa namba, na namba hiyo husomeka kirahisi. OB 23/12/5/2025 ni ripoti ya 23 ya tarehe 12 Mei 2025. Kila aliyekamatwa anapaswa kuandikwa: jina, kosa, saa aliyofikishwa, afisa aliyemleta, na mali aliyokuwa nayo, kuanzia simu na mshipi hadi shilingi za mfukoni. Kabla ya kuweka sahihi, soma. Kama umeandikiwa saa tatu usiku ilhali ulishikwa saa tisa mchana, sema hapo hapo, kwa sababu saa 24 za Katiba zinaanza ulipokamatwa, si pale kalamu ilipopatikana. Kama umefika na jeraha, omba liandikwe. Hili linamfaa pia afisa mwaminifu wa zamu: mtu akizidiwa usiku, kitabu ndicho kitakachoonyesha kwamba aliingia hivyo.

Ndugu wa aliyeshikwa nao wana kazi yao, na ni kazi ya miguu. Mwende wawili, si mmoja. Mwombeni afisa wa kaunta aangalie jina kwenye OB. Akisema hayupo, msirudi nyumbani na maneno matupu. Andikisheni ripoti ya mtu aliyepotea na mwondoke na namba. Kituo kilichokana kuwa na mtu huwa na wakati mgumu zaidi kukana ukurasa wake chenyewe.

Hata kuandikwa hakutoshi, na tusidanganyane. Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu, alikamatwa Homa Bay tarehe 7 Juni 2025 kwa madai ya kumchafulia jina afisa wa ngazi ya juu wa polisi mtandaoni. Alisafirishwa hadi kituo cha Central, Nairobi, na kufikia asubuhi ya tarehe 8 alikuwa amekufa. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa maiti ukapata majeraha ya kichwa, kubanwa shingo na dalili za kupigwa, na IPOA ikaeleza Seneti kwamba kamera za kituo zilikuwa zimechezewa. Maafisa na watu wengine walishtakiwa kwa mauaji. Maelezo ya kwanza yalibomoka kwa sababu kulikuwa na uchunguzi wa daktari wa kuyapinga. Kabla ya hapo kulikuwa na neno la polisi tu, na taarifa ilikuwa imeshasambazwa.

Sasa dhamana. Katika vituo vingi kuna bango ukutani linalosema bondi ni bure. Mara nyingine bango hilo linaning'inia juu kabisa ya meza ambako mtu anaulizwa ana ngapi. Bondi ya polisi ni ahadi, pengine na mdhamini, kwamba utafika mahakamani, haina bei. Dhamana ya pesa taslimu ipo kisheria, lakini ina risiti rasmi ya serikali, na pesa hizo ni zako: kesi isipofunguliwa au ikiisha nawe hukutoroka, unarudishiwa kwa kuonyesha risiti. Pesa isiyo na risiti ni kitu kidogo, hata ikiitwa ya mafuta ya gari. Sheria ya Hongo ya 2016 inamshika anayetoa sawasawa na anayepokea. Na kama kosa lako linaadhibiwa kwa faini tu, au kwa kifungo kisichozidi miezi 6, Katiba inasema usiwekwe rumande kwa ajili yake.

Kuhusu kuhojiwa, sitasema mengi. Toa jina lako na unakoishi, kisha una ruhusa ya kusema, "Nitaandikisha taarifa wakili wangu akiwapo." Ukiambiwa utie sahihi karatasi ya kukiri kosa, jua kwamba kukiri hakuna nguvu mahakamani kama hakukufanyika mbele ya hakimu, jaji, au afisa wa cheo ambaye si mpelelezi wa kesi yako, tena ukiwa na mtu wa tatu uliyemchagua mwenyewe. Asiyeweza kulipa wakili aulize kuhusu Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Simu yako kuchukuliwa kama kielelezo ni jambo moja; kufunguliwa na kusomwa jumbe zake ni jambo jingine, na hilo lina utaratibu wa kibali cha mahakama. Mwanamke hupekuliwa na mwanamke mwenzake, kwa staha. Mtoto hawekwi seli moja na watu wazima, na tangu Sheria ya Watoto ya 2022, aliye chini ya miaka 12 hawezi kuhesabiwa kuwa mhalifu.

Kuna fursa moja ambayo watu huipoteza kwa woga au haya. Ukifikishwa mahakamani, hakimu anakuona. Upande wa mashtaka unaweza kuomba uzuiliwe siku zaidi ili uchunguzi ukamilike. Lazima upande huo utoe sababu nzito, nawe una haki ya kujibu. Kama ulipigwa, sema wakati huo: "Mheshimiwa, nilipigwa kituoni, naomba iandikwe na niagizwe kupelekwa hospitali." Onyesha palipovimba. Vidonda hupona, lakini kumbukumbu za mahakama hubaki. Zamani, chini ya Katiba iliyotangulia, aliyeshukiwa kwa kosa la kunyongwa angeweza kukaa siku 14 kabla ya kumwona hakimu, na siku 14 zinatosha alama nyingi kufutika. Leo saa 24 ni za kila mtu, mwizi wa kuku na mshukiwa wa mauaji.

Ukishatoka, tibiwa kwanza, kisha chukua kituoni fomu ya P3, ile ya kuandika majeraha, ili daktari aijaze. Kama unaogopa kurudi kituo kile kile, nenda kingine. Malalamiko dhidi ya afisa yanapelekwa IPOA, kwa mdomo au kwa maandishi, bila malipo. Namba yao ya simu ya bure ni 1559. Polisi wana pia kitengo chao cha ndani cha nidhamu, ingawa binafsi ningeanza na IPOA, kwa kuwa sheria ya 2011 iliiunda isiwe chini ya polisi. Peleka tarehe, saa, namba ya OB, jina au namba ya afisa, picha za majeraha na simu za mashahidi. Kifo au jeraha baya likitokea mikononi mwa polisi, sheria inawataka polisi wenyewe waiarifu IPOA, lakini familia isingoje waliotuhumiwa ndio wapige simu.

Na kama mtu hajapatikana kabisa, vituo vyote vimekana, saa 24 zimepita? Kuna amri ya mahakama ya kuwataka polisi wamlete mtu akiwa hai au waeleze aliko. Ni mojawapo ya haki chache ambazo Kifungu cha 25 kinakataza kuwekewa mipaka yoyote. Ndugu au rafiki anaweza kuiomba kwa niaba ya aliyepotea. Kifungu cha 22 kinasema kufungua ombi la kutetea haki kusitozwe ada, na kwamba mahakama inaweza kulipokea hata likiwa katika hati isiyo rasmi, yaani barua ya kawaida. Haihitaji Kiingereza cha mawakili. Andikeni jina lake, mahali na saa aliyochukuliwa, nani aliona, gari la aina gani, vituo mlivyozunguka na namba za OB mlizopewa. Ipelekeni kwenye sajili ya Mahakama Kuu iliyo karibu, na msiondoke kabla nakala yenu haijapigwa muhuri wa kupokelewa.