ANEMONI AKIPASULIWA VIPANDE VIWILI, KIPI NI MAMA?



Katika interro ya mwisho ya biolojia, sisi wa sita Bio-chimie tulipewa swali lenye kuonekana pepesi: scissiparité ni nini? Wote tuliandika jibu la daftari, neno kwa neno: ni uzazi bila jinsia, ambamo kiumbe kimoja kinajigawa kuwa viwili. Mwalimu alisoma, akaweka karatasi chini, akauliza kwa mdomo: «Sasa kati ya hivyo viwili, kipi ni mama na kipi ni mtoto?» Kalasi nzima kimya. Mmoja wetu alisema mama ni ile nusu kubwa, tukacheka, lakini hakuna aliyekuwa na jibu bora. Basi tulipunguziwa pointi mbili kila mtu, hata wale waliozoea kupata 18 juu ya 20. Wengine walinung'unika kwamba swali halikuwa katika kozi. Sisi tulienda kutafuta, na tulichopata tunakiweka hapa. Swali kama hilo linaweza kurudi siku ya Examen d'Etat.

Mnyama aliyetufundisha ni anemoni ya bahari. Ukimwona kwenye picha utasema ni ua. Lakini ni mnyama kabisa, wa ukoo mmoja na matumbawe na hidra. Hana ubongo, hana mfupa hata mmoja. Ana mguu mpana wa kushika jiwe, mwili kama mfuko, na juu yake mdomo uliozungukwa na vidole laini ambavyo vitabu vinaita minyiri. Ndani ya ngozi ya minyiri kuna vishale vidogo vyenye sumu. Samaki mdogo akigusa, anaganda na kuvutwa mdomoni. Mdomo huo ndio pia fasi ya kutolea uchafu, kwa maana mfuko una tundu moja tu. Kumbukeni jambo la mdomo, tutalirudia.

Sisi wengi hatujaona bahari. Pwani ya inchi yetu iko mbali sana upande wa magharibi, kule Moanda, nayo ni fupi, kilomita karibu 40 tu. Lakini huko Ulaya na Marekani kuna watu wanaoweka kipande cha bahari ndani ya nyumba. Wanachukua sanduku kubwa la kioo, wanatia maji yenye gramu karibu 35 za chumvi katika kila kilo, wanaweka mawe, pompi ya kusukuma maji, taa kali, na kitu cha kulinda joto kwenye digri 25 au 26. Humo wanafuga matumbawe, samaki na anemoni. Anemoni wanayempenda zaidi anaitwa Entacmaea quadricolor. Kwao porini anaishi toka Bahari Nyekundu na pwani ya Afrika ya Mashariki mpaka visiwa vya Pasifiki. Ncha za minyiri yake mara nyingi zimevimba kama puto ndogo, na samaki klauni wanajificha ndani yake bila kudhurika.

Huyu Entacmaea ana tabia ya kujigawa mwenyewe. Siku moja anajivuta, mguu mmoja unakwenda upande huu, mwingine upande ule, mwili unapasuka katikati kutoka juu mpaka chini, na mdomo unagawanyika pamoja nao. Hiyo ndiyo scissiparité ya kweli. Watu waliona hivyo, wakajiuliza: kama yeye anajipasua, je, sisi hatuwezi kumpasua? Wakajaribu, ikawezekana.

Namna ya kufanya ni hii. Kwanza anemoni apashwa kuwa mzima: mdomo umefungwa, minyiri inanata, mguu umeshika sana. Aliyenunuliwa juzi hakatwi. Anaachwa miezi mingi azoee maji. Halafu wanamtoa juu ya jiwe kwa upole bila kuchana mguu. Wengine wanaweka kipande cha barafu karibu na mguu, naye anaachilia mwenyewe. Wanamlaza juu ya ubao safi, na kwa wembe mpya wanamkata kwa pigo moja, kupita katikati ya mdomo mpaka mguuni. Hapa ndipo penye siri yote. Kila nusu inapashwa kubaki na sehemu ya mdomo na sehemu ya mguu. Nusu mbili zinarudishwa majini ndani ya kikapu chenye matundu, fasi ambayo maji yanapita polepole, juu pompi isizinyonye. Kingo za jeraha zinajikunja na kushikana. Hakuna kulisha mpaka mdomo ufunge tena, na hiyo ni kama juma moja au zaidi. Baada ya majuma machache kila nusu imekuwa duara, na anayeingia nyumbani hatajua kwamba palikuwa na kisu.

Lakini si kila anemoni anakubali. Wale wakubwa wa jamii ya Stichodactyla, wapana kama zulia, hawana kawaida ya kujigawa, na anayewakata mara nyingi anapata vipande viwili vya maiti. Anemoni akifa ndani ya sanduku anaoza haraka, na sumu ya kuoza kwake inaweza kuua wenzake wote. Hata Entacmaea mgonjwa akikatwa hafi nusu, anakufa mzima. Kuna wanaokata kila mwezi juu ya kuuza, mpaka mnyama anabaki mdogo kama kifungo cha shati. Sisi tunaona hilo si ufundi.

Na kuna mwingine wa kuchekesha, Exaiptasia, mdogo, wa rangi ya kahawia. Huyo hakuna anayemtaka. Anaingia sandukuni akijificha katika mawe, na anachoma matumbawe. Mwenye hasira anamponda kwa kidole ili amalize kazi, kumbe ndiyo amepanda shamba: kila kipande cha mguu kilichobaki juu ya jiwe kinaweza kuota anemoni mpya. Hata bila kupondwa, akitembea anaacha vipande vya mguu nyuma yake, na vyote vinaota. Kwa kozi yetu hiyo inaitwa lacération pédieuse, na tusiichanganye na scissiparité. Wataalamu nao wamegeuza adui huyo kuwa mfanyakazi wa labo, na mwaka 2015 walitangaza jenomu yake nzima.

Sasa turudi kwa mama. Kabla ya pompi na taa hizo, kulikuwa na anemoni mmoja aliyeishi katika bokali ya kioo huko Scotland. Sir John Dalyell alimwokota mwaka 1828 kwenye mawe ya North Berwick, akamweka nyumbani na kumpa maji mapya ya bahari. Watu walimwita Granny, ni kusema Nyanya. Kwetu wengine wangesema Koko. Dalyell alikufa mwaka 1851, na Nyanya akabaki. Alipita mikononi mwa watunzaji wengine, mmoja akifa mwingine anapokea bokali, mpaka yeye mwenyewe alipokufa tarehe 4 Agosti 1887 mjini Edinburgh. Alikaa katika bokali miaka 59! Katika miaka 20 ya kwanza alizaa watoto zaidi ya 300, na mwaka 1857, baada ya kukaa muda mrefu bila kuzaa, alitoa karibu 230 katika usiku mmoja. Hakupasuka. Watoto walikomaa ndani ya mfuko wake na kutemwa kwa mdomo, tayari na minyiri yao. Jina lake la kitabu ni Actinia equina, na wachunguzi waliopima damu ya ukoo huo katika karne ya 20 (tunasema damu kwa mfano, kwani hana) walikuta watoto hao wa tumboni wanafanana na mzazi wao kabisa katika urithi.

Basi jibu la mwalimu tunalipata hivi. Kwa Nyanya mama yuko, tunamwona, hata kama watoto ni nakala zake. Kwa Exaiptasia mama ni yule anayeendelea na safari, na mtoto ni kipande kilichoachwa. Lakini kwa Entacmaea aliyepasuliwa katikati hakuna mama wala mtoto. Nusu zote mbili ni mnyama yule yule, zina umri mmoja na urithi mmoja.

Tena zina jinsia moja. Hapa wengi wanasahau. Entacmaea ana dume na jike. Ukianza na dume mmoja ukakata mpaka ukapata mia, una madume mia, na hakuna hata yai moja litakalopata mimba. Ugonjwa unaoweza kumwangusha mmoja unaweza kuwaangusha wote. Kwa hiyo kukata nyumbani kunapunguza watu kwenda kung'oa baharini, na hilo ni jambo kubwa: katika visiwa vya Keppel, Australia, uchunguzi wa mwaka 2008 ulionyesha kwamba joto la maji pamoja na uokotaji vilionekana kupunguza anemoni na klauni wao. Lakini wembe hauwezi kuleta damu mpya. Damu mpya inatoka baharini, wakati madume na majike wanapomwaga mbegu na mayai majini usiku, siku chache baada ya mwezi mpevu.

Hatuna anemoni hapa shuleni, lakini tuna binamu yake. Hidra tuliwapata chini ya majani ya kiziwa cha samaki, wadogo kama uzi wa milimita chache. Wa kwanza wote walikufa, sababu sisi tuliwatia katika maji ya robine yenye dawa. Mara ya pili tulitumia maji ya kiziwa chenyewe. Juzi jumatatu tulikata watatu kwa wembe, kwa upana, si kwa urefu kama anemoni. Mpaka alhamisi vipande vya juu vilikuwa vimeshika kioo kwa mguu mpya, na vipande vya chini viwili vimetoa minyiri. Cha tatu bado.

Bokali iko kwenye dirisha la labo, pamoja na lupu. Anayetaka kuona aje baada ya masomo, wawili wawili, wala asitikise meza: wakishtuka wanajikunja kama nukta, na itabidi kungoja dakika nyingi.