Andika kwa Jina Lako: Faida za Kuchapisha Makala Mtandaoni

Wako vijana katika wadi zetu ambao huandika maneno elfu kadhaa kila wiki, lakini ukiwaomba wakuonyeshe ukurasa mmoja wenye jina lao, hawana. Kazi yao ni kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha za chuo. Malipo yakishaingia kwenye simu, mwanafunzi huweka jina lake juu ya kazi, na mwandishi husahaulika. Siku kijana huyo anapoomba kazi ya uandishi na kuulizwa sampuli, hana la kutoa. Isitoshe, soko hilo linazidi kubana. Australia ilipiga marufuku biashara ya kuuza insha kwa wanafunzi mwaka wa 2020, na Uingereza ikafuata mwaka wa 2022.

Somo hili linahusu njia nyingine ya kutumia kipawa hicho hicho: kuandika makala fupi kuhusu jambo unalolijua na kuyachapisha mtandaoni kwa jina lako. Halimhusu kijana pekee. Mkulima, muuguzi, fundi, mwalimu aliyestaafu na mama wa kikundi cha akiba wote wana jambo ambalo mtu mwingine analitafuta.

Faida ya kwanza: makala ni ushahidi

Cheti husema ulisomea nini. Makala huonyesha unavyofikiri na unavyoeleza. Fundi wa sola anayeandika namna ya kuchagua betri inayofaa nyumba ya vyumba viwili amemwonyesha mteja ujuzi wake kabla hawajaonana. Makala hayo hubaki pale mwaka mzima, usiku na mchana, na kila anayetafuta habari hizo anaweza kuyafikia.

Mfano mzuri ni wa Mkenya mwenzetu, marehemu Binyavanga Wainaina, mzaliwa wa Nakuru. Andiko lake "Discovering Home", linalosimulia safari ya kurudi nyumbani kutoka Afrika Kusini, lilichapishwa kwanza kwenye jarida la mtandaoni la G21Net. Wakati huo Wakenya waliokuwa na intaneti walikuwa wachache, na wengi waliamini kwamba maandishi ya kweli ni yale ya karatasi tu. Mwaka wa 2002 andiko hilo lilishinda Tuzo ya Caine, tuzo inayoheshimiwa sana katika uandishi wa Afrika. Mwaka uliofuata, yeye na waandishi wenzake walianzisha jarida la Kwani? jijini Nairobi, ambalo lilifungulia mlango waandishi wengine wengi. Si kila atakayechapisha atapata tuzo. Lakini angaliandika kwa jina la mtu mwingine, hakuna mlango ambao ungalifunguka.

Faida ya pili: jirani hupata habari anayoielewa

Mwaka wa 2004 sumukuvu ilishambulia mahindi katika maeneo ya Makueni, Kitui na jirani zake. Watu 317 waliugua, na 125 kati yao wakafariki. Mahindi yalikuwa yamehifadhiwa kabla hayajakauka vizuri, na kuvu wakapata mahali pa kuota. Elimu ya kuzuia janga kama hilo ipo, lakini sehemu kubwa imeandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu, katika ripoti ambazo mkulima hazisomi.

Afisa wa kilimo wa nyanjani hawezi kufika kila boma kwa wakati mmoja. Makala ya maneno 500 kwa Kiswahili chepesi yanaweza kufika, kwa sababu mtoto wa nyumba huyasoma kwenye simu na kuwaeleza wazazi. Ndiyo maana anayeandika jambo la manufaa katika lugha ya watu wake anafanya kazi ya umma, hata kama hana ofisi.

Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka wa 2003, ni uwanja mwingine wa kujitolea. Pale makala hayana jina la mwandishi juu yake, lakini historia ya ukurasa hutunza kumbukumbu ya kila mchango chini ya jina la mtumiaji. Pia ni shule nzuri, maana hukulazimisha kutaja ulikotoa habari.

Faida ya tatu: mwandishi naye hujifunza

Mtu hudhani analijua jambo mpaka ajaribu kuliandika. Hapo ndipo hugundua kwamba kipimo hakikumbuki vizuri, au hatua moja ameiruka. Akienda kuthibitisha, ujuzi wake hukomaa. Baada ya makala kumi, hata barua zake za kuomba kazi na ripoti zake za kikundi huwa fupi na wazi zaidi.

Na pesa je?

Tuseme ukweli: makala ya kwanza hayalipi. Mapato ya matangazo hutegemea wasomaji wengi, na huchukua muda kuwapata. Faida ya fedha huja kwa kuzunguka: mteja anakupigia, shirika linakuomba uwaandikie, gazeti linakununulia makala. Ukianza kulipwa kutokana na maudhui ya mtandaoni, fahamu kwamba Sheria ya Fedha ya mwaka wa 2023 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa wakazi wa Kenya. Na jukwaa lolote linalokudai ada ili upewe kazi ya kuandika, likimbie.

Hatua za kuandika makala ya kwanza

1. Chagua swali moja. Usiandike kuhusu "kilimo cha mahindi". Andika jibu la swali ambalo watu hukuuliza, kwa mfano: nitajuaje kama mahindi yangu yamekauka?

2. Anza na jibu. Wengi huanza hivi: "Tangu jadi, kilimo kimekuwa uti wa mgongo wa taifa letu." Msomaji anayelipia bando hana subira hiyo. Linganisha na mwanzo huu: "Kabla ya kutia mahindi kwenye gunia, yapime kwa chumvi."

3. Eleza hatua kwa hatua. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa. Tia punje za mahindi na vijiko vichache vya chumvi kavu. Funga, tikisa kwa dakika moja au mbili, kisha iache itulie. Chumvi ikishikamana na kioo, mahindi bado yana maji, yarudishe juani. Ikianguka chini bila kushika, yamekaribia ukavu unaofaa. Kisha ongeza tahadhari: chumvi hukisia tu, haiwezi kuonyesha sumukuvu, na kipimo cha hakika ni mashine ya unyevu, ambayo isizidi asilimia 13.5.

4. Thibitisha kila tarakimu. Muulize mtaalamu, au soma chapisho la taasisi inayohusika. Usichoweza kuthibitisha, kiondoe.

5. Mpe mtu mmoja asome kwa sauti. Anapokwama, sentensi hiyo ndiyo mbovu. Ikate mara mbili.

6. Weka jina lako, tarehe na mahali unapoishi kwa ujumla, kama vile jina la kaunti. Usiweke nambari ya kitambulisho wala mahali nyumba yako ilipo.

7. Hifadhi nakala. Jukwaa linaweza kufungwa bila kukuarifu. Tunza makala yako kwenye barua pepe yako pia.

Usipokuwa na kompyuta, andika kwenye simu, au tumia maktaba ya umma iliyo karibu nawe yenye intaneti.

Haki zako na mipaka yake

Kifungu cha 33 cha Katiba kinakupa uhuru wa kujieleza. Kifungu hicho hicho hakilindi uchochezi wa vurugu wala matamshi ya chuki, na kinakutaka uheshimu haki na hadhi ya wengine. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, ikiwemo serikali ya kaunti. Mwandishi wa makala anaweza kuitumia haki hiyo anapotafuta takwimu.

Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001, makala uliyoyatunga ni mali yako tangu unapoyaandika. Si lazima uyasajili, ingawa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya hupokea usajili wa hiari. Ulinzi hudumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kifo chako. Sheria hiyo pia inamlinda mwenzako, kwa hiyo usinakili kazi yake wala kuchukua picha yake bila ruhusa. Na chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019, pata kibali cha mtu kabla ya kuchapisha picha au habari zake za binafsi. Kwa mtoto, kibali hutolewa na mzazi au mlezi.

Zoezi la mwezi huu

Andika maswali matatu ambayo watu wamekuuliza tangu mwaka uanze, yanayohusu kazi au maisha yako. Chagua moja unaloweza kulijibu bila kubahatisha. Andika jibu kwa maneno yasiyozidi 500, ukianza na jibu lenyewe. Msomee mtu wa nyumbani, rekebisha, kisha uchapishe.

Kwa kijana tuliyeanza naye, hatumwambii aache leo kazi inayomlisha. Tunamwomba atenge saa mbili kwa wiki za kuandika kwa jina lake. Akitoa makala mawili kwa mwezi, mwaka ukiisha atakuwa na makala 24. Akiulizwa tena sampuli, atakuwa na la kutoa.