Somo kwa Makatibu: Kisanduku cha Anwani

Ndugu Katibu, uliyeko Ijumbi au kwingineko, ukiandika “ushirika.go.tz” juu ya kivinjari, utafika moja kwa moja katika tovuti ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Ukisahau nukta, ukaandika “ushirika go tz”, hufiki. Maneno yako hupelekwa kwenye mtambo wa utafutaji, nawe huletewa orodha.

Zamani visanduku vilikuwa viwili, cha anwani na cha kutafuta. Chrome ilipotolewa mwaka 2008 ilikuja na kimoja tu, na kivinjari chenyewe ndicho kiamuacho. Kikiona nafasi kati ya maneno, kwa kawaida hutafuta. Kikiona nukta, hutazama mwisho wa neno: “go.tz” umo katika orodha ya miishio itambulikanayo, basi huenda, “kahawa.maganda” haumo, basi hutafuta.

Hatari imo katika ile orodha uletewayo. Jina la juu kabisa laweza kuwa tangazo lililolipiwa, na matapeli nao hulipa. Katibu akilifungua akaandika humo neno la siri la chama, hesabu za kahawa ya wanachama zimo mikononi mwa mwingine. Tena, uandikayo katika kisanduku huweza kupelekwa nje kabla hujabonyeza kitufe, ili uletewe mapendekezo. Neno la siri lisiandikwe hapo kamwe.