Mwambie Shemeji Asiachie Gari Frii

Mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema mmenunua Hiace ya zamani, mkang'oa viti vya nyuma, mkatandika godoro, mkafunga meko ya gesi na pipa la maji la lita mia, ili Desemba mje Nangina na watoto. Mlilijaribu gari hadi Naivasha na kurudi, likanywa mafuta mpaka kichwa kikakuuma. Sasa shemeji amepata dawa yake: akifika mteremkoni anaweka nyutro, gari linashuka "bure". Unauliza kama kweli inaokoa mafuta.

Haiokoi. Nitakueleza kwa nini, maana hilo ndilo lililoninyima usingizi. Lakini kwanza niseme kwamba wazo la gari la kulala nimelipenda sana. Hamjajenga bado bomani kwa baba mkwe, na kwetu huku mwana aliyeoa halali na mkewe chini ya paa la mama yake. Nimewaona wengi wakija nyumbani na kukodi chumba Busia mjini, asubuhi wanarudi bomani kama wageni. Ninyi mtalala uani, chini ya mwembe, na bibi atawaamsha watoto mwenyewe. Tena si jambo geni mpakani kwetu. Magari ya wasafiri yenye vitanda na jiko yanapita Busia na Malaba kwenda Uganda, na dereva wa lori aliyepanga foleni Malaba, nyumba yake ni ile kabini: pazia, kitanda chembamba nyuma ya kiti, sufuria moja na jiko la gesi.

Sasa tuje kwenye frii, yaani hiyo nyutro ya mteremkoni. Zamani, injini zilipokuwa na kabureta, dereva aliyetoa gia mteremkoni aliokoa matone kidogo, na imani hiyo mafundi na madereva wakarithishana. Injini za siku hizi, zile tunazoziita EFI na dizeli zinazoongozwa na kompyuta, zinafanya kazi kinyume chake. Ukiondoa mguu kwenye ekseleta gia ikiwa bado imeingia, kompyuta inakata mafuta kabisa. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, hainywi hata tone. Ukiweka nyutro, injini imetengana na magurudumu, kwa hiyo ni lazima ijilishe yenyewe isizime. Yaani shemeji anaposhuka frii ndipo anaponunua mafuta ambayo angeyapata bure kwa kuacha gia mahali pake.

Na hayo ni ya mafuta tu. Gari lenu, na godoro, na gesi, na maji, na ninyi wanne, ni zaidi ya tani mbili. Likiwa nyutro linashikwa na breki peke yake. Breki zikikanyagwa kilomita baada ya kilomita zinapata moto, utasikia harufu kama ya mpira ulioungua, halafu pedali inaanza kuzama. Akizima na ufunguo kabisa, kama wanavyofanya wengine, usukani unakuwa mzito kama jiwe la kusagia, na breki inabaki na pumzi ya kukanyaga mara chache tu. Salgaa na Sachangwan hapakupata jina baya la ajali kwa sababu ya mizimu. Ni mteremko mrefu, na kwa miaka mingi malori yameshushwa pale frii ili kubana dizeli. Mtashuka hapo mkirudi Nairobi, mmechoka, gari limejaa ndizi. Na mkija, mtapita njia panda ya Londiani, pale ambapo Juni 2023 lori lilivamia watu waliokuwa wakifanya biashara kando ya barabara na magari yaliyosimama, na zaidi ya watu 50 wakafa. Kila nikipita hapo nazima redio. Gari zito likishakataa kusimama, hakuna dereva hodari.

Kwa hiyo mwambie hivi, kwa upole, msiwe mbele ya mama yake: mteremko ushuke kwa gia ile ile ambayo ungeupandia. Gari likianza kukimbia, kanyaga breki kwa uthabiti mpaka lipungue, kisha achia zipoe. Usiweke mguu juu ya pedali muda wote kama mtu anayepiga cherehani. Kutoka Kericho kushuka hadi Ahero mtapoteza zaidi ya mita 800 za mwinuko, na gia ikikaa ndani, sehemu kubwa ya mteremko huo ni bure kweli.

Basi mafuta yalikwenda wapi safari ya Naivasha? Nadhani najua. Uliandika kwa kupitia tu kwamba mlikwenda "mia, mia na kumi." Mdogo wangu, itazame Hiace kwa mbele. Ni kabati. Saluni inaupasua upepo, kabati linausukuma. Na upepo haukui pole pole kama mwendo unavyokua: ukitoka 80 kwenda 100 kwa saa, nguvu inayokurudisha nyuma inazidi kwa zaidi ya nusu. Kwenye kilomita 100 za barabara, utakuwa umeokoa robo saa tu, na robo saa hiyo utaipoteza nyuma ya malori ya kontena kabla hujafika Gilgil. Matatu zimewekewa kidhibiti mwendo cha 80 tangu sheria za waziri Michuki za 2004, na sisi abiria tulinung'unika sana wakati ule. Shemeji aishi na hiyo 80. Gari linanguruma kwa raha, watoto wanalala, na unaweza kuzungumza na mumeo bila kupiga kelele.

Jambo la pili ni mguu wenyewe. Barabara ya Kisumu kuja Busia ina matuta karibu kila soko: Luanda, Yala, Ugunja, Bumala. Dereva wa haraka anapiga mafuta kati ya tuta na tuta, kisha anakanyaga breki kwa nguvu. Kila breki ya namna hiyo ni mafuta uliyokwisha kulipia na kuyageuza moto kwenye gurudumu. Mama mmoja mzee wa kwetu aliyezoea kukaa kiti cha mbele alikuwa akiweka kikombe cha chai kwenye goti. Chai ikimwagika, dereva amekosea. Jaribuni na kikombe cha maji. Tuta linaonekana mita mia mbili mbele, watu wa njugu na ndizi wamejipanga hapo hapo. Ondoa mguu mapema, gari lijikokote lenyewe hadi lifike.

Halafu kuna uzito. Pipa lenu la lita mia likijaa ni kilo mia za maji, sawa na gunia zima la mahindi na kidogo juu. Mnayabeba kutoka Nairobi, mnayapandisha kutoka Nakuru hadi Mau Summit, zaidi ya mita 500 kwenda juu, ili myamwage Nangina ambako maji yapo! Beba lita 20 za njiani. Mengine jazeni mkifika. Wakati wa kurudi najua hamwezi kukataa mahindi, viazi vitamu, omena na jogoo wa mama mkwe, na msikatae. Ila vizito viwe ndani, chini, katikati ya magurudumu. Msifunge keria ya juu na kuipakia kama mlima, maana hapo mnalipa mara mbili, uzito na upepo, na gari linayumba kwenye kona.

Upepo wa magurudumu pimeni alfajiri kabla hamjaondoka, tairi zikiwa baridi. Kipimo kimeandikwa kwenye kibandiko mlangoni mwa dereva, na cha gari lililopakiwa huwa tofauti na cha gari tupu, hasa nyuma. Mvulana wa pampu akikuuliza "niweke ngapi?" usimwambie "weka tu." Tairi laini hunywa mafuta na hupasuka kwenye lami ya joto.

Usiku mkilala njiani, zimeni injini. Najua Kisumu kuna joto na mtatamani kiyoyozi. Injini inayonguruma bila kwenda popote inaweza kumaliza karibu lita nzima kwa saa, lakini si hilo linaloniogopesha. Moshi wake unaua, na hauna harufu ya kutosha kumwamsha mtu aliyelala. Jiko la makaa ndani ya gari, hata likiwa limebaki majivu mekundu, ni hatari hiyo hiyo. Fungueni madirisha, wekeni chandarua, na mlale mahali penye taa na mlinzi.

Sasa mafuta yenyewe mtanunua wapi? EPRA, mamlaka ya nishati, hutangaza bei kila tarehe 14 na inaanza kutumika tarehe 15, kila mji na bei yake. Mkisafiri karibu na tarehe hizo, sikilizeni habari kabla ya kujaza. Tofauti ya mji na mji huwa shilingi chache, haifai kukuondoa njiani. Kinachofaa kukuogopesha ni dumu. Huku mpakani utaona madumu ya manjano kando ya barabara na bei tamu. Mimi niliwahi kununua mawili, nilikuwa nimechelewa na nina haraka. Gari lilianza kukohoa kabla sijafika Bumala, moshi mweupe nyuma, nikasukumwa na vijana wa boda hadi kwa fundi. Alinusa kitambaa, akanitazama tu. Dizeli ilikuwa imechanganywa na mafuta ya taa, ambayo hayailainishi pampu, nayo pampu ikajila. Biashara hiyo ya kuchanganya ilienea mpaka Septemba 2018 serikali ikaongeza ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuikomesha. Bei ya ile pampu ingenitosha kwenda Nairobi na kurudi mara kadhaa.

Na kama mnafikiria kuvuka hadi Jinja watoto wauone Mto Nile, jazeni upande huu kabla ya kuvuka kama bei ni nafuu, au mjaze kule kama kule ndiko nafuu, ila msivuke na tangi tupu. Uganda serikali haipangi bei ya pampu kama kwetu. Januari 2022 madereva wa malori walipogoma kwa sababu ya malipo ya vipimo vya korona Busia na Malaba, malori ya mafuta yalikwama upande wetu, na kwa wenzetu lita ikauzwa, mahali pengine, zaidi ya mara mbili ya bei.

La mwisho, nunua daftari dogo, ulifungie kalamu kwa uzi, likae kwenye dashibodi. Jazeni tangi hadi pampu ijikate, andika kilomita. Mkijaza tena hadi ijikate, gawa kilomita mlizokwenda kwa lita mlizoweka. Kilomita 400 kwa lita 50 ni nane kwa lita. Wewe ndiye uandike, shemeji aendeshe, na msigombane kuhusu namba, isomeni tu kwa sauti.

Mkishaacha lami kuu na kuelekea Funyula, mtaona milima ya Samia. Hapo watoto watakuwa wameamka. Pandeni kwa gia ndogo, polepole, hospitali ya Holy Family ikitokea mmefika. Kesho yake asubuhi, kabla chai haijaiva, nitumie namba mbili: kilomita kwa lita mlizopata mkielekea Naivasha ile siku ya kwanza, hata kwa makisio, na mlizopata mkija nyumbani.