Vumbi la Kaunta za Jikoni ni Hatari kwa Mapafu ya Fundi

Kaunta za mawe yanayong'aa zimependwa sana na wanaojenga nyumba mijini. Wengi hudhani kila jiwe la aina hiyo limechimbwa ardhini likiwa zima. La hasha. Jiwe liitwalo kwatsi hutengenezwa kiwandani: mawe husagwa, yakachanganywa na gundi ya plastiki pamoja na rangi, kisha yakashindiliwa na kupashwa joto hadi kuwa bamba gumu.

Likishawekwa jikoni halikudhuru. Kata mboga zako, pangusa, endelea na mapishi. Anayeumia ni fundi anayelikata.

Kiini cha hatari ni madini yaitwayo silika. Marumaru huwa na silika kidogo sana, na graniti kwa kawaida haizidi asilimia 45. Kwatsi ya kiwandani yaweza kupita asilimia 90. Fundi anapokata tundu la sinki bila maji, silika hupeperuka ikiwa chembe ndogo zisizoonekana kwa macho. Pua haiwezi kuzizuia. Huzama hadi ndani kabisa ya mapafu, na mwili ukipambana nazo hubaki makovu. Makovu yakizidi, mapafu hukakamaa na mgonjwa hushindwa kupumua vyema.

Ugonjwa huo, silikosisi, hauna dawa ya kuuponya. Nchini Israeli, Uhispania, Australia na Marekani, mafundi wameugua wakingali vijana, na baadhi wakalazimika kupandikizwa mapafu. Australia ilipiga marufuku jiwe hili kuanzia Julai 1, 2024.

Dalili zake ni kikohozi kisichoisha, kuishiwa na pumzi, uchovu na kukonda. Hapo ndipo penye mtego, kwani kifua kikuu nacho huanza vivyo hivyo, na mwenye silikosisi hupatwa na kifua kikuu kwa urahisi. Fundi akienda hospitali amweleze daktari kazi anayofanya, hata asipoulizwa.

Karakanani, maji yatiririke kwenye msumeno wakati wote na pawe na mashine ya kufyonza vumbi. Leso iliyofungwa puani haisaidii kitu; inahitajika barakoa maalumu inayobana uso. Vumbi lisifagiliwe likiwa kavu, wala nguo za kazi zisipelekwe nyumbani kwa watoto.

Nawe mwenye nyumba, fundi akisema atamalizia kukata papo hapo jikoni, kataa. Vipimo vichukuliwe mapema, jiwe likatwe karakanani penye maji.