Boti Futi 22, Banda Futi 25

SWALI: Niko Minnesota. Nina boti ya maboya ya futi 22 juu ya trela (si pantoni la Kigamboni, usicheke!). Banda la kuiweka msimu wa baridi lina kina cha futi 25 na mlango wa futi 9. Itaingia?

JIBU: Ilivyo sasa, sidhani. Hizo 22 ni za boti yenyewe. Ongeza injini ya nyuma na chuma cha trela kinachoshikwa na gari, utakuta futi 26 au zaidi. Shusha injini, maana ikiinuliwa hutokeza nyuma. Kama chuma hicho kina bawaba, kikunje; hapo huenda ukapata nafasi.

Mlango? Boti nyingi za aina hiyo zina upana wa futi 8 na nusu, kwa hiyo unabakiwa na inchi 3 kila upande. Mwite mtu asimame nyuma akuelekeze.

Kinachowaponza wengi ni kimo. Ukirudi nyuma kwa kupanda mteremko wa mlangoni, pua inainama na nyuma inanyanyuka. Kunja turubai, kisha pima hapo hapo kizingitini.